Santuri Adimu za Soul na Sisi Tunaozipenda

Muziki wa soul, yaani ule wa Wamarekani weusi, ninaoupenda zaidi ni ule uliorekodiwa Marekani katikati ya miaka ya 1960, ukatolewa kwa nakala chache na kusahaulika, kisha ukafufuliwa na vijana wa kaskazini mwa Uingereza, ambao katika ukumbi wa Wigan Casino, kuanzia 1973 hadi 1981, waliucheza usiku kucha. Wapiga santuri wao walibandika karatasi juu ya lebo ili washindani wasijue jina la mwimbaji. Desturi hiyo siipendi, kwa sababu ilimnyima msanii sifa yake. Santuri ya mwimbaji Frank Wilson ya mwaka 1965, ambayo nakala zake karibu zote ziliharibiwa kabla ya kuuzwa, ilinunuliwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000.

Hapa Dar es Salaam sisi wapenzi wa muziki huu ni wachache, na hutosheka na nakala zilizochapwa upya. Tunakutana Magomeni, nyumbani kwa mzee wetu mmoja, tunasikiliza kwa zamu na kuazimana bila masharti, jambo ninalolithamini kuliko santuri zenyewe. Unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye majalada na jua hupinda santuri, kwa hiyo tunazihifadhi zikiwa wima, mbali na dirisha.