Siku Moja Maishani Mwangu: Kuipa Runinga Sauti kwa Kupitia Programu Dhibiti

Kufikia saa mbili asubuhi huwa nimekwisha kusoma ujumbe na kuvuta toleo jipya la msimbo wa coreboot, programu dhibiti huria (programu ya kwanza kabisa kufanya kazi kompyuta inapowashwa) iliyoanza mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, ikiitwa LinuxBIOS. Mimi huiandaa ifanye kazi kwenye bodi za kompyuta. Ni kazi isiyojulikana na wengi, kwa kuwa ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Saa tatu nililetewa kompyuta yenye prosesa ya Alder Lake ya Intel. Spika zake za ndani zilisikika vizuri, ila runinga iliyounganishwa kwa HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti, ilionyesha picha bila sauti. Kabla sijafungua skrubu, mteja alipiga simu: "Fundi, si uweke tu draiva?" Alimaanisha programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kutumia kifaa. Nilimweleza kwamba draiva haina la kufanya na kifaa kilichokatwa tangu kompyuta inapowashwa, akaitikia, kisha saa nne akapiga tena kuuliza lilelile.

Nilianza na faili la hda_verb.c, jedwali la coreboot ambamo kila tundu la sauti huelezwa kwa namba ya biti 32: 0x18560010 husema kwamba hapa sauti hutoka kwa HDMI, na 0x411111f0 husema kwamba tundu hili halikuunganishwa na chochote. Namba zote zilikuwa sahihi, na zilielekezwa kwenye anwani ya 2, inakokaa kodeki ya skrini ya Intel, yaani saketi inayopeleka sauti kwenye HDMI. Hata hivyo, ndani ya /proc/asound/card0, ambamo Linux huorodhesha kodeki ilizoziona, nilikuta codec#0 peke yake, ile ya spika za ndani. Kodeki ambayo jedwali lile liliandikiwa haikuonekana kabisa.

Mchana wote ukaishia kwenye devicetree, faili la coreboot linaloeleza vifaa vya bodi na mipangilio yake. Bodi hii ilirithi mipangilio ya bodi ndugu yake, na mstari wa pch_hda_idisp_codec_enable haukuwemo, hivyo FSP, kipande cha programu kutoka Intel ambacho msimbo wake haukuwekwa wazi, kiliikata kodeki hiyo kila kompyuta ilipowashwa. Niliongeza mstari huo, nikaweka kasi ya kiungo cha kodeki hiyo kuwa 96 MHz, nikajenga faili upya.

Kinachochosha ni kuliandika faili hilo kwenye chipu inayohifadhi programu dhibiti. Betri huchomolewa, klipu hubanwa juu ya miguu minane myembamba, na ikiteleza hata kidogo, flashrom, programu ya kuandikia chipu, hukataa kuitambua chipu na unaanza upya, shingo ikiuma, simu ikiita. Kisha kompyuta hukaa kimya na skrini nyeusi kwa muda, kwa sababu inaipima kumbukumbu yake upya. Anayekosa subira hapo huizima akidhani imekufa.

Nje kulikuwa kumekwisha kuwa giza codec#2, yaani kodeki ya anwani ya 2, ilipojitokeza na runinga ikatoa sauti. Nilimpigia mteja akaisikia mwenyewe kwenye simu. Sikufunga kazi kabla ya kuutuma mstari huo kwa wakaguzi wa mradi, pamoja na maelezo ya runinga na waya nilivyovijaribia, maana bodi ile ndugu nayo inauhitaji.