Siku moja ya masika: nyanya za kitaluni na nyanya za nje

Saa 11 alfajiri. Mvua imepiga usiku kucha huku juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na bado inachuruzika. Ni Aprili, masika imekolea. Nalima nyanya sehemu mbili: kitalu nyumba, yaani banda la nailoni, chenye nyanya aina ya Anna F1, na kipande cha wazi chenye aina za Tanya na Tengeru 97. Kinachoua nyanya msimu huu ni jani kukaa limelowa saa nyingi, na karibu kila ninachofanya leo ni kulisaidia likauke.

Saa 12 na nusu. Naanza kitaluni. Wengi wanaamini ukishafunika nailoni juu, magonjwa ya ukungu umeyasahau. Ingia alfajiri uone: mvuke wa usiku umegeuka matone chini ya paa, na kila tone linadondokea majani na maua. Usipopitisha hewa, humo ndani panakuwa pabichi kuliko shambani. Nakunja mapazia ya pembeni mapema hata kukiwa na manyunyu, na mvua ikija na upepo nashusha upande inakotokea tu. Mche sijaugusa bado. Mkono uliotoka kwenye jani lililolowa lenye ugonjwa ndio unaoupeleka ugonjwa huo kwenye mche wa jirani.

Saa 2. Nateremka shamba la wazi. Huku sina la kukunja wala kushusha, kuna kukagua tu, na nakagua kwa kugeuza majani. Leo nimelikuta: jani la katikati lina baka la kijani kilichoiva kupita kiasi, kama limemwagiwa maji ya moto, na chini yake, pembezoni mwa baka, utando mweupe mwembamba. Utando huo huonekana vizuri asubuhi, majani yakiwa bado na unyevu. Ni bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Unapenda ubaridi na maji, yaani unapenda Meru ya Aprili. Jirani yangu kapanda viazi mviringo hatua chache kutoka hapa, na ugonjwa huu hauchagui kati ya viazi vyake na nyanya zangu, kwa hiyo nimempigia simu hapohapo. Miche iliyoshikwa naing'oa, naitia kwenye mfuko nikiwa palepale ili nisiiburute shambani, kisha naifukia mbali.

Saa 4. Kijana ninayefanya naye kazi ananiita kitaluni: "Mama, huu mche umelala." Jana ulikuwa mzima, leo umenyauka na majani yake bado ni mabichi. Nakata kipande cha shina, nakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, tunasubiri. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa unaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya mche huo. Unakaa kwenye udongo na unasafiri na maji. Paa limezuia mvua ya juu, lakini maji ya mteremko yanapita chini. Ndiyo maana mfereji wa kuzunguka kitalu nauthamini kuliko nailoni yenyewe. Tunang'oa mche na udongo wake, tunaosha jembe, kisha tunazibua mfereji pale ulipojaa tope.

Saa 5 na nusu. Majani ya kitaluni yamekauka. Sasa tunakata maotea, yaani vichipukizi vya pembeni, na majani ya chini, na kutikisa kamba zinazoshikilia miche. Ndani hakuna upepo wa kutosha kuangusha chavua, na asubuhi chavua huwa imegandamana kwa unyevu. Mbolea inayopita kwenye maji ya matone leo nimepunguza: jua hakuna, mche haunywi sana.

Saa 7. Mvua imepumzika, nabeba bomba kwenda nje. Dawa za ukungu ninazotumia ni mbili. Mankozebu hukinga tu. Inatakiwa iwe juu ya jani kabla ugonjwa haujaingia, na mvua kubwa huiosha. Metalaksili huingia ndani ya mmea, lakini ukiirudia kila mara ukungu unaizoea. Nawasihi wenzangu wasome maandishi madogo kwenye pakiti: majina ya biashara matatu yanaweza kuwa dawa moja, ukadhani unabadilisha kumbe unarudia. Na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe, maana nyanya hizi zinaliwa kachumbari.

Saa 9. Kesho Jumatano ni siku ya soko Tengeru. Tunachuma za kitaluni zilizoanza kubadilika rangi, tunapanga kwenye kreti. Za nje ni chache, na nyingine zimepasuka kwa maji mengi. Masika bei hupanda kwa sababu hiyohiyo, na hapo kitalu kinarudisha gharama yake. Kiangazi ni hesabu nyingine kabisa. Nje panatosha, na kantangaze, mdudu ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, anatusumbua kote kuwili.

Kwa mwenye mtaji mdogo ningesema hivi: usikimbilie mkopo wa kitalu. Anza na matuta ya juu, nafasi pana kati ya mistari, miti ya kusimamishia miche, na matandazo ili matone yasirushe udongo kwenye majani. Hayo hata nje yanakuvusha.

Saa 12 jioni. Mama anayenunua nyanya zangu sokoni kapiga simu, anataka kreti zote, na zilizopasuka atazichukua kwa ajili ya mama ntilie. Kirikuu cha kubeba mzigo kinakuja saa 10 alfajiri, kabla barabara ya chini haijachafuka.