Chupa ya Mabuyu na Hesabu ya Hewa

Mwezi uliopita nilihudhuria siku ya wazazi katika shule anayosoma binti wa dada yangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, na mlangoni pa ofisi nikakuta chupa kubwa ya kioo iliyojazwa mabuyu mekundu hadi shingoni. Atakayekisia idadi yake kwa ukaribu kuliko wenzake angeondoka na kapu la vyakula. Tiketi hazikuuzwa, kwa kuwa mwalimu wa dini alikuwa amekwisha kusema kwamba kulipia kubahatisha ni kamari, na sidhani kuna mzazi wa Kibokoni ambaye angebishana naye. Kila mtu alipewa kikaratasi kimoja bure, na siku mbili za kufikiri.

Wengi waliinamia chupa, wakahesabu mabuyu yaliyogusa kioo upande wao, kisha wakaandika namba iliyowajia. Jicho la namna hiyo huona ngozi ya chupa tu. Mabuyu ya katikati hayaonekani, nayo ndiyo mengi, na kwa sababu hiyo watu hukisia pungufu mara nyingi zaidi kuliko wanavyozidisha. Mimi nilizungushia chupa uzi, nikapata sentimita 53.5, yaani kipenyo cha sentimita 17. Nikatoa nusu sentimita kila upande kwa ajili ya unene wa kioo, ikabaki 16, na kimo cha mabuyu kilikuwa sentimita 22. Ujazo wake ni kama mililita 4,423. Anayesahau unene wa kioo atapata karibu 5,000, na kosa hilo dogo la uzi litamzidishia mabuyu zaidi ya 370. Hivi ndivyo ujazo ulivyo: ukikosea sehemu moja ya kumi katika urefu, upana na kimo kwa pamoja, jumla inapotoka kwa takriban theluthi nzima.

Lakini kupima chupa ni kazi rahisi. Ugumu uko katika hewa.

Mama yangu aliijua hewa hiyo kabla sijazaliwa. Katika ujana wake nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi, na mpaka leo zaka ya fitri nyumbani kwetu hutajwa kwa pishi hata kama mchele wenyewe umenunuliwa kwa kilo. Kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, na kibaba cha tele, chenye kichuguu juu, na ugomvi wa sokoni ulikuwa juu ya tofauti hiyo. Mama hujali zaidi jambo la tatu. Hadi sasa, akinunua kunde Kongowea, humwambia muuzaji autikise mkebe wa gorogoro kabla ya kusawazisha. Kunde zilizomiminwa taratibu hukaa ovyo, zikiacha mapengo, na zikitikiswa hushuka na kuacha nafasi ya kiganja kingine. Muuzaji huwa na haraka ya ghafla anapoambiwa hivyo.

Wataalamu wa fizikia wameyapima mapengo hayo. Gololi za ukubwa mmoja zikimiminwa chomboni na kutikiswa vizuri hujaza takriban asilimia 64 ya nafasi. Iliyobaki ni hewa. Zikipangwa kwa mkono kama wauza machungwa wanavyopanga mafungu yao, kila chungwa likikaa katika kitako kinachofanywa na yale ya chini yake, hufika kiasi cha asilimia 74. Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, alidai mwaka 1611 kwamba hakuna mpangilio unaoshinda huo, na ilikuwa mpaka 1998 ndipo mwanahisabati Thomas Hales alipotangaza uthibitisho wake. Umbo nalo lina neno lake: mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba pipi bapa za M&M's zikimwagwa ovyo hujaza karibu asilimia 68, zaidi ya gololi. Buyu si gololi wala pipi bapa. Mbegu yake ina umbo la figo, na sukari iliyoipaka hunata, kwa hiyo hukataa kuteleza hadi mahali pake.

Kwa sababu hiyo sikuitumia asilimia yoyote ya vitabuni. Nilinunua mabuyu, nikajaza kikombe cha mililita 200, nikayahesabu: 131. Kikombe kinakuja na hewa yake ndani, huna haja ya kuijua. Kidogo tu nilijipa wasiwasi kwamba vitu hukaa kwa ulegevu zaidi karibu na ukuta wa chombo, na kikombe kina ukuta mwingi kulinganisha na ujazo wake, kwa hiyo chupa ingebeba kidogo zaidi. Hesabu ilinipa 2,897. Nikaongeza kwa ajili ya ukuta, nikaandika 2,950.

Wapo wanaosema kwamba kazi yote hii ni bure, kwani wastani wa watu wengi haukosei. Hoja hiyo hutoka kwa Francis Galton, mwanasayansi wa Uingereza, aliyechapisha mwaka 1907 makisio 787 ya uzito wa ng'ombe akishachinjwa na kusafishwa, katika maonyesho ya Plymouth, Uingereza: kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207 na uzito halisi 1,198. Lakini miongoni mwa watu wale walikuwamo wachinjaji na wafugaji. Mwalimu aliniruhusu kuvipitia vikaratasi vyetu baadaye, na kile cha katikati kilisema 1,500.

Wanafunzi wa darasa la sita walimwaga mabuyu kwenye sinia na kuyahesabu kumi kumi. Yalikuwa 2,706. Kapu lilichukuliwa na mvulana wa darasa la tano aliyeandika 2,700, nami nikamwendea nimuulize alipimaje.

"Shangazi yangu huuza mabuyu, ami," alisema. "Chupa kama ile huingia paketi kumi na nane, na kila paketi yeye hutia mia na hamsini."

Nilimwomba mwalimu chupa tupu niende nayo nyumbani, nikaijaza maji kwa kipimo mpaka pale mabuyu yalipokuwa yamefika. Iliingia mililita 4,180, si 4,423. Kitako chake kilikuwa kimebonyea kwenda juu kama kuba, jambo lisiloonekana mabuyu yakiwa ndani, na kuba hilo peke yake lilikuwa limenizidishia mabuyu karibu 160. Kwa ujazo wa kweli kikombe changu kingenipa 2,738, bila ya ile nyongeza ya ukuta niliyojivunia. Tofauti iliyobaki ni mabuyu 32, na hao waliohesabu kumi kumi, nilipowapa mkono wa kwaheri siku ile, wote walikuwa na ndimi nyekundu.