Maelezo ya mgonjwa nayo ni kipimo
Ninaishi na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, na kabla ya kila kliniki hujaza dodoso fupi: nimekwenda choo mara ngapi kwa siku, damu ilionekana kiasi gani, na je, haja ilinibana ghafla hata nikashindwa kusubiri. Swali hilo la mwisho ndilo lililobadilisha matibabu yangu, kwa kuwa vipimo vya damu vilikuwa vizuri ilhali usiku nilikuwa nikiamka kukimbilia chooni. Tangu mwaka 2015, mapendekezo ya kimataifa ya wataalamu yanataka nafuu anayoieleza mgonjwa mwenyewe izingatiwe pamoja na picha za kamera ya utumbo, na ni haki kabisa. Natamani watafiti wa dawa waulize pia kuhusu uchovu, ambao dodoso langu haliugusi.