Usiku ndio uliokuwa ukiangusha maua ya nyanya zangu

Misimu miwili mfululizo niliokota maua ya nyanya chini kila asubuhi. Miche ilikuwa imenipita kiuno, majani yamekolea kijani, vichala vya maua vinachanua kimoja baada ya kingine. Ukirudi baada ya siku tatu, unakuta vikonyo vitupu.

Ua la nyanya likianguka kwa joto haling'oki ovyo. Chunguza kikonyo chake: katikati pana kifundo kidogo, kama goti la panzi. Hapo ndipo panapoanza kugeuka manjano. Ukiligusa ua kwa ncha ya kidole linakatika palepale kwenye kifundo, safi kabisa, na kipande cha nyuma kinabaki kwenye mche. Mche wenyewe ndio ulioamua kuliachia. Nilikaa muda mrefu nikiliangalia hilo bila kuelewa ninachoonyeshwa.

Nikafanya yote niliyoshauriwa. Niliongeza maji, nikaongeza samadi, kisha mbolea ya kukuzia. Mama alipokuja kunitembelea alizunguka bustani nzima kimya, akashika jani moja nene, akasema, "Mwanangu, umeilisha mpaka imeshiba. Mche ulioshiba hivi utakupa majani tu." Alikuwa na haki, maana naitrojeni, kile kirutubisho cha mbolea kinachokuza majani, ikizidi mche huendelea kunenepa ukasahau kuzaa. Nikaacha mbolea. Majani yakapungua unene, lakini maua yakaendelea kuanguka.

Jibu nililipata kwenye kipimajoto, kile ambacho unafuta kumbukumbu yake kwa mkono, nacho kinakuonyesha kiwango cha juu na cha chini cha siku nzima. Nilikitundika kivulini, usawa wa maua. Mchana kilionyesha nyuzi 34, siku nyingine 35, na hilo sikulishangaa. Kilichonishtua ni namba ya chini. Usiku mzima joto halikushuka chini ya 25.

Mnyanya huweza kuvumilia mchana mkali iwapo usiku utapoa. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi, na usiku ukibaki juu ya 21 au 22 siku nyingi mfululizo, chavua, yaani unga wa kiume wa ua, huharibika. Punje zinakuwa chache, na nyingi kati ya hizo hazina uhai, kwa hiyo ua linachanua vizuri lakini halina cha kutungia tunda. Tena uharibifu huo unatokea ua likiwa bado tumba, wiki moja hadi mbili kabla ya kuchanua. Kwa hiyo ukiona maua yanaanguka leo, usiilaumu hali ya hewa ya leo, rudi nyuma kwenye kumbukumbu za wiki iliyopita na ya kabla yake. Tangu hapo ninaandika joto la usiku kwenye daftari kila siku, na sijawahi kujuta kupoteza dakika hiyo moja.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mbegu kwa akili. Aina zinazostahimili joto zipo, na watu wamezihangaikia kwa miongo mingi. World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971, kilizifanyia kazi nyanya za nchi za joto tangu miaka yake ya mwanzo. Chuo Kikuu cha Florida nacho kilizalisha Solar Fire kwa ajili ya kutunga matunda kwenye joto. Utakutana pia na Heatmaster, na Homestead ambayo ni ya zamani zaidi. Jambo la kuangalia ni maneno ya kwenye pakiti. Mche kutokufa juani ni kitu kimoja, kutunga matunda kwenye joto ni kitu kingine, na hicho cha pili ndicho unachokitaka. Niliwahi kununua mbegu zilizosifiwa kuwa ngumu, zikawa ngumu kweli, majani hayakunyauka hata siku moja, na matunda sikuyaona. Na aina yoyote ile inakuongezea nyuzi chache tu. Joto likipita hapo, nayo inasimama. Kama nafasi yako ni ndogo, anza na nyanya ndogo za vichala. Kwa kawaida zinatunga wakati zile kubwa za kukata vipande zimeshakata tamaa.

Mbegu peke yake haitoshi, kwa hiyo ninahesabu tarehe. Mche wangu huanza kuchanua wiki nne hadi sita hivi baada ya kuuhamishia bustanini, basi naupanda ili maua ya mwanzo yachanue kabla ya wiki za usiku wa joto. Saa za mchana naufunika kwa wavu wa kivuli unaozuia karibu theluthi ya jua. Wavu unaozuia zaidi ya nusu niliujaribu, miche ikarefuka kama inatafuta mlango. Chini naweka matandazo ya nyasi kavu unene wa kiganja, bila kugusa shina, na maji nayatoa kwa kipimo kilekile alfajiri. Maji ya leo mengi kesho hakuna ndiyo yanayoleta kuoza kitako, lile doa jeusi la chini ya tunda, hata kama udongo una kalsiamu ya kutosha.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe. Chavua imefungwa ndani ya bomba la manjano katikati ya ua, na inatoka likitikiswa. Upepo hufanya hivyo, na nyuki wakubwa wanaovuma juu ya ua hufanya vizuri zaidi. Mimi nagonga kikonyo cha kichala kwa kidole, mara tatu nne, taratibu. Asubuhi nzuri unaona vumbi hafifu likishuka. Siku za joto kali utaona kijiti chembamba kimechomoza nje ya bomba. Hicho ndicho sehemu ya kike, imejisukuma mbele mpaka chavua haiifikii. Maua ya namna hiyo nayagonga pia, ila siyatarajii sana.

Jambo moja zaidi kwa wanaolalamika kwamba nyanya zao zinabaki rangi ya machungwa. Joto likizidi nyuzi 30, rangi nyekundu haijitengenezi vizuri tena, ila ile ya manjano inaendelea. Zichume zikianza tu kubadilika kitakoni, uziache ndani mahali penye hewa na pasipo jua. Zitaiva nyekundu kabisa, na ndege hawatazifikia.

Leo asubuhi nimehesabu kichala cha pili cha mche ulio karibu na ukuta. Kilikuwa na maua saba. Matatu yamekatika kwenye kifundo, manne yameshika, kila tunda halizidi punje ya pilipili manga. Daftarini, usiku wa kuamkia leo ni nyuzi 24.