Nilivyozoea kutibu watoto kwa kishikwambi

Zahanati yetu ya kijiji, mkoani Morogoro, ina tabibu mmoja, ambaye ni mimi, na muuguzi mmoja. Mvua zikianza, watoto wenye homa hufurika tangu asubuhi. Mwongozo wa IMCI wa WHO na UNICEF, unaoelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kupima na kutibu watoto wagonjwa, tulifundishwa chuoni, lakini kupekua kitabu kile huku benchi limejaa si kazi ndogo. Ndipo tukaletewa kishikwambi chenye programu inayofuata mwongozo huohuo. Unaingiza umri, uzito na dalili, nayo inauliza swali linalofuata, hata mtandao usipokuwepo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwatoa akina mama wasiwasi. "Dokta, mbona unachati na mwanangu anaumwa?" mmoja aliniuliza mbele ya foleni nzima. Tangu hapo namgeuzia mama kioo na kumsomea kwa sauti: ananyonya? anatapika kila kitu? amepata degedege? Akishaona maswali ni ya mwanawe, hueleza hata asiyoulizwa.

Kubwa zaidi ni kuhesabu pumzi. Programu hairuhusu kuiruka hatua hiyo: ni dakika nzima, unagusa kioo kila kifua kinapopanda. Mtoto akilia hesabu haifai, kwa hiyo naanza nayo, akiwa ametulia kwa mama, kabla ya kipimajoto na kabla ya kumtoboa kidole. Mwenye kikohozi akifikisha pumzi 50, kama ana miezi 2 hadi 11, au 40 kama ana mwaka 1 hadi 5, namtibu nimonia kwa antibiotiki ya amoksilini. Asiyefikisha, kifua hakibonyei ndani anapovuta pumzi wala hana dalili ya hatari, namwambia mama kwamba kikohozi hiki hakihitaji antibiotiki. Ni maneno magumu kwa mtu aliyetoka kwake usiku, lakini hesabu ameiona mwenyewe.

Kuna mtoto wa miezi minane aliyekuja na homa na kikohozi kidogo. Kipimo cha haraka kilikuwa kimetoa mistari miwili, malaria, na foleni ilikuwa ndefu. Ila pumzi zake zilikuwa 58. Alikuwa na malaria na nimonia, akaondoka na dawa mseto ya malaria pamoja na amoksilini.

Sasa naiomba kamati ya zahanati kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Kikisoma chini ya asilimia 90, nitaandika rufaa palepale, hata kama mtoto bado anamchekea mama yake.