Siku moja maishani mwangu: natafuta sonona ndani ya damu

Kazi yangu ni kuchukua damu na mate ya kinamama waliojifungua karibuni, kuvifikisha maabara salama na kuandika kila dakika inayopita katikati. Utafiti wetu unatafuta viashiria vya kibayolojia vya sonona baada ya kujifungua, yaani kitu cha kupimika mwilini kitakachotuonyesha mapema ni mama yupi yuko hatarini. Wanaosikia juu juu hudhani nauza damu, au nina mashine inayosoma huzuni. Basi niwasimulie siku moja ilivyokwenda. Nimebadilisha mambo machache ili mama ninayemtaja asitambulike.

Saa kumi na moja alfajiri nawatumia ujumbe kinamama walio kwenye zamu ya mate. Tunapima kotisoli, homoni ya msongo. Homoni hii hupanda mara mtu anapoamka na kufika kileleni kama dakika 30 hadi 45 baadaye, kwa hiyo mama anatakiwa kutema mate kwenye kichupa akifumbua macho tu, kisha tena baada ya nusu saa, kabla ya chai na kabla ya mswaki. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Jibu la kwanza likaingia: "Sista, kuamka kupi? Nimeamka saa sita, saa nane, saa tisa na nusu, na hapa bado ananyonya."

Hana kosa. Maelekezo yale yaliandikwa kwa mtu aliyelala. Namwambia ateme sasa hivi, kisha naandika saa zake zote za kuamka kwenye safu ya maoni. Mchambuzi wetu wa takwimu aliwahi kutaka kuziondoa rekodi za namna hii kwa sababu zinavuruga hesabu. Nilipinga, na nitaendelea kupinga. Ukimwondoa kila mama asiyelala, umewaondoa haohao unaowatafuta.

Saa moja asubuhi: barafu, lebo, sindano, fomu za ridhaa, safari ya kliniki.

Saa mbili tunaanza na maswali, maana damu huja baadaye. Tunatumia kipimo cha Edinburgh, kilichotoka mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Je, umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umelia? Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru. Mama akijibu chochote zaidi ya "kamwe", naweka sindano chini na kumpeleka kwa daktari mwenyewe, mguu kwa mguu, saa hiyohiyo. Sampuli inaweza kupatikana siku nyingine.

Saa nne na ushee akaingia mama mmoja wa wiki ya sita, na mume wake, na mama mkwe. Nilimhoji peke yake. Alama zilikuwa juu, ila swali la 10 lilikuwa salama. Akaniruhusu kutoa damu huku mtoto akinyonya. Kichwa cha mtoto kwenye kiwiko cha kushoto, mimi natafuta mshipa wa kulia. Hakushtuka sindano ilipoingia. Alikuwa akiitazama tyubu inavyojaa, akaniuliza taratibu, "Itaonekana humo?"

Kabla sijajibu, mume aliyekuwa mlangoni akadakia. "Ndiyo, sista, tupe majibu. Kama ni ugonjwa, karatasi iseme."

Mama mkwe akasema, "Ugonjwa gani? Anadeka. Sisi tulizaa na kazi tukafanya."

Hapo saa yangu ilikuwa imeshaanza kukimbia. Damu ikikaa bila kuzungushwa, chembe zake huendelea kufanya kazi ndani ya tyubu, na vipimo vya kemikali za kinga kama interlukini-6 huharibika. Ila kuondoka wakati ule kungekuwa kumwacha yule dada peke yake na neno "anadeka". Nikampa mwenzangu kikasha cha barafu akimbie nacho maabara, nikamuuliza mama kama ananiruhusu kuongea mbele ya watu wake. Akaitikia kwa kichwa. Nikavuta kiti.

Niliwaeleza kwamba wakati wa mimba homoni za estrojeni na projesteroni hupanda mara nyingi kuliko kawaida, na kondo likishatoka huporomoka ndani ya siku chache. Kila mama hupitia anguko hilo. Wengi hulia siku ya tatu, ya nne, ya tano, kisha ndani ya wiki mbili hali hutulia. Kwa wengine haitulii. Mwaka 2000 watafiti walichapisha jaribio ambalo halikuwa na mtoto wala kukosa usingizi: waliwapa wanawake homoni kama za mimba, halafu wakazikata. Kati ya 8 waliowahi kupata sonona ya uzazi, 5 walipata dalili. Kati ya 8 ambao hawakuwahi, hakuna hata mmoja.

"Kwa hiyo homoni ni zilezile," mume akasema, polepole.

"Zilezile, kaka. Namna ubongo unavyozipokea ndiyo tofauti. Ndiyo maana nikipima estrojeni yake leo sitakuonyesha kitu; nitakuonyesha kile alichonacho kila mama aliyejifungua."

Akauliza kama basi hakuna kipimo kabisa. Nikamwambia kipo kinachotafutwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba alama za kemikali kwenye jeni mbili, HP1BP3 na TTC9B, katika damu ya wajawazito zinaweza kusaidia kutabiri. Haijawa huduma ya kliniki. Tiba imetangulia kipimo: projesteroni mwilini hugeuzwa kuwa alopregnanoloni, ambayo hutuliza ubongo, na Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo mwaka 2019, ya dripu ya saa 60 mfululizo. Ya vidonge, ya siku 14, ikafuata mwaka 2023.

Dripu ndiyo iliyomgusa mume. "Saa 60? Basi ni ugonjwa kweli."

"Ni ugonjwa kweli."

Mama mkwe alinyamaza kwa muda, kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi kwa huyu nililia miezi. Hakuna aliyeniuliza."

Nimeifanya kazi hii kwa muda, na jambo linaloniuma ni hili: damu inaaminiwa kuliko mwenye damu. Yule dada alikuwa ameshajibu maswali 10 kwa kinywa chake, na majibu hayo yalitosha kabisa kumfikisha kwa daktari. Daktari alimpokea siku hiyohiyo, akaagiza pia kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi iliyoyumba baada ya uzazi huweza kuleta uchovu na huzuni, na hivyo vina majibu na vina dawa.

Mchana sikula. Maabara, sentrifuji ya kuzungusha damu, pipeti. Plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe, ikiwa nzuri ina rangi ya manjano hafifu. Moja ilitoka ya waridi, maana yake chembe nyekundu zilipasuka, nikaitia alama ili ijulikane. Tyubu ya yule mama ilikuwa safi, mwenzangu aliiwahisha. Zote zikaingia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Baada ya hapo kazi ilikuwa kupiga simu, kujaza kompyuta, kupiga simu tena. Mama mmoja aliomba kujitoa. Nikamshukuru, nikajaza fomu ili sampuli zake ziteketezwe. Mgongo unauma, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya friza, na bado kuna safu za maoni za kunakili, zile ambazo hakuna anayezisoma ila mimi sikubali zibaki tupu.

Giza lilikuwa limeshaingia yule mama wa asubuhi aliponipigia. Ameandikiwa sertralini, dawa ya sonona, na jirani amemwambia itamdhuru mtoto anayenyonya. Nilimwambia kwamba dawa hiyo huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na mara nyingi huchaguliwa kwa sababu hiyo, ila asikie kutoka kwa daktari mwenyewe. Nikampigia daktari, naye akampigia. Baadaye ukaja ujumbe: amemeza kidonge cha kwanza, amekamua maziwa ya usiku, na mume ndiye atakayeamka na mtoto hadi saa tisa ili yeye alale.